Kidonge cha Ini, Maziwa ya Mtoto

Niliambiwa naumwa siku ambayo sikuwa nasikia maumivu yoyote. Ilikuwa masika, njia ya kutoka nyumbani kwetu Handeni hadi hospitali ilikuwa tope tupu, na mimi nilifika kliniki ya wajawazito miguu pekupeku, ndala nimezishika mkononi. Mimba ilikuwa ya pili. Ya kwanza nilimpata Zainabu, na haikunisumbua hata kidogo, kwa hiyo nilikwenda siku ile kama mtu anayekwenda sokoni: nitapimwa, nitapewa vidonge vya damu, nitarudi kwenye cherehani yangu. Mimi ni fundi wa nguo, nashona zaidi sare za shule.

Walitutoa damu, tukakaa kwenye mabenchi kusubiri. Wenzangu wakaitwa, wakaingia, wakatoka. Nilipofika mlangoni nesi akaniambia nisubiri kidogo. Baadaye nikachungulia tena, akaniambia nisubiri. Mwanamke niliyekaa naye alisogea pembeni kidogo bila kunitazama. Nadhani hata hakujua kwamba amesogea.

Nesi aliponiita alifunga mlango.

"Mama, Ukimwi huna. Kaswende huna. Ila una virusi vya homa ya ini, ile B."

"Mimi siumwi ini," nikamwambia.

"Najua. Wengi wenu hamuumwi."

Nilimfikiria kaka yangu Athumani. Athumani alifariki kabla ya hapo, tumbo limejaa maji, macho ya njano, mikono imebaki mifupa. Nyumbani walisema amerogwa. Tuligombana na jirani kwa ajili ya kifo kile, mpaka leo hatusalimiani vizuri. Nikiwa nimekaa mbele ya nesi nikaelewa kwamba huenda jirani hakuhusika kabisa, na kwamba kitu kilichomla Athumani mimi ninatembea nacho, na tumboni nina mtoto.

Nayaandika haya sasa nikiwa nimekaa vizuri, mtoto anatembea, naweza kushona tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kulala. Nayaandika kwa ajili ya mwanamke aliyeambiwa asubiri kidogo. Mambo ya kitaalamu waulize wenyewe. Mimi nitakueleza yaliyonipata.

*

Daktari anayeshughulika na ugonjwa huu nilielekezwa kwake Korogwe. Kwa bahati mume wangu, Bakari, kwao ni Mnyuzi, nje kidogo ya Korogwe, kando ya reli, kwa hiyo pa kufikia palikuwepo. Bakari ni fundi ujenzi. Nilipomwambia aliacha ukuta umefika madirishani, akanawa saruji mikononi, akasema, "Twende wote." Sijalisahau hilo. Wako wanaume ambao swali lao la kwanza lingekuwa nimeupata wapi.

Ukumbi wa kusubiri wa Korogwe una mabenchi ya mbao yaliyolainika kwa kukaliwa. Televisheni ilikuwa juu ukutani, haina sauti, watu wanaitazama tu midomo inavyocheza. Niliwajua wagonjwa wa ini kabla hata hawajaitwa. Wengine walikuwa wazima kama mimi. Wengine walikuwa kama Athumani, wamevaa makoti kwenye joto lile.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alichukua damu, akasema inapelekwa Tanga mjini kuhesabiwa virusi. Majibu yalichelewa. Tulikwenda, yakawa hayajarudi. Tukaenda tena, mashine imeharibika. Masika ikaisha, baridi ya kipupwe ikaanza, tumbo langu likawa linaonekana hata nikivaa dera. Safari zile za kutoka Handeni, kupita Sindeni, hadi Korogwe zilinichosha kuliko mimba yenyewe. Nilikuwa natapika kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga fundo kwa ustadi kama nafunga maandazi.

Majibu yaliporudi, daktari alivaa miwani yake, akasoma, akavua.

"Virusi ni vingi. Na ini lako limeanza kuchoka. Nitakuanzishia dawa."

"Daktari, nina mimba. Nitamezaje dawa ya virusi na mimba?"

"Ndiyo maana nakupa hii na siyo nyingine. Hii wajawazito wameimeza miaka mingi. Haimdhuru mtoto. Cha kuogopa ni virusi kuwa vingi namna hii siku ya kuzaa, maana hapo ndipo mtoto anapovipata. Dawa itavipunguza. Akizaliwa tu atachomwa chanjo, siku hiyohiyo, tusingoje kesho."

Nilimwelewa. Sikuuliza habari ya kunyonyesha. Mtoto mwenyewe hajazaliwa, nje watu wamejaa hadi kwenye ngazi, na Bakari alikuwa ameshasimama. Wewe ukienda, uliza. Uliza hata kama foleni inakutazama vibaya.

Siku hiyo tulikuwa na Zainabu, na daktari alitaka yeye na Bakari wapimwe. Bakari alikutwa hana, akaanza chanjo. Zainabu alikutwa nao.

Alikuwa na miaka saba. Alikuwa amekaa kwenye kiti anazungusha miguu, anasubiri chungwa aliloahidiwa na baba yake, maana ulikuwa msimu na njia nzima yalikuwa yamepangwa mafungu. Daktari alisema kwa sauti ya chini kwamba huenda aliupata kwangu siku aliyozaliwa, kwamba hana tatizo lolote sasa hivi, hahitaji dawa bado, atakuwa anakuja kuangaliwa. Nilisikia neno "kwangu" tu. Bakari alimbeba Zainabu, mtoto mkubwa yule, akatoka naye nje. Niliwaona kupitia dirishani. Alimmenyea chungwa, akakata, akampa kipande kimoja kimoja, na yeye mwenyewe hakula.

*

Dawa zile zinatolewa kwenye jengo moja na dawa za Ukimwi, na kumbe dawa yenyewe ni miongoni mwa zinazotumika huko pia. Hilo sikulijua. Nilijua siku nilipopewa kichupa cheupe, nikatoka nacho, nikakutana uso kwa uso na mama mmoja wa Mnyuzi amekuja kumwona mgonjwa. Alitazama jengo, akatazama tumbo langu, akaniambia, "Pole, mwanangu." Nikaitikia ahsante. Nikaondoka nimejua kwamba habari itafika Mnyuzi kabla yangu.

Wiki za kwanza za kumeza kidonge nilikuwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Kidonge ni kikubwa, kinakwama kooni kama ganda la embe. Halafu kichupa kinalia. Ukiweka kwenye mkoba kinalia kila hatua, kila mtu anageuka. Kuna mwanamke aliyekuwa anachukua dawa zake dirishani, hata jina lake sikuuliza, aliniona ninavyohangaika kukizungushia kanga, akanivuta pembeni. "Weka pamba ndani, shindilia. Hakitalia tena." Alikuwa anajua, alikuwa na miaka mingi kwenye mambo hayo. Nilimshukuru hadi akashangaa.

Ndugu zangu, mwili uliokuwa wangu sikuutambua. Miguu ilivimba, ngozi ikawa inawasha jioni, nikawa najikuna kwa chanuo. Kila kitu nilikuwa nauliza: hii ni mimba, au ni ini, au ni dawa? Hakuna aliyekuwa na jibu la kila kitu. Nilikuwa nachoka hadi nashona mshono mmoja, naweka kichwa juu ya cherehani.

Wakati wa kuvuna mahindi tukaenda Mnyuzi. Mama mkwe wangu, mama yake Bakari, ni mama mnyoofu, anasema kitu mbele yako. Nilimkuta uani anapukuchua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Rehema, nimesikia mambo. Nataka niyasikie kwako."

"Mama, siyo Ukimwi. Ni ini. Dawa tu ndiyo zinachukuliwa pale."

"Wote husema hivyo."

Mchana ule chakula kilipokuja, ugali, samaki na mlenda, wote walikula sinia moja. Mimi nililetewa sahani yangu ya plastiki na kikombe changu, pembeni. Nilikula. Nilikuwa nimechoka, na ukweli ni kwamba nilikuwa na njaa.

Bakari aliweka tonge chini. "Mama, huyu unamtengea kwa nini?"

"Najilinda na nawalinda wenzake. Kuna ubaya?"

"Basi mtengee na Zainabu."

Mama mkwe alimtazama Zainabu, aliyekuwa amekaa ubavuni kwake, mkono umezama kwenye sinia ileile. Huyo ndiye mjukuu wake wa kwanza, ana jina lake.

"Zainabu ana nini?"

"Anacho hikihiki cha mama yake. Amekula na wewe tangu anaota meno. Umeumwa?"

Mama mkwe aliendelea kukaa vilevile, mkono wake juu ya goti. Kisha akamsukumia Zainabu kipande cha samaki, akasema, "Kula, mwanangu, kinapoa." Jioni sahani ya plastiki sikuiona tena. Hakuniomba radhi, wala mimi sikudai. Lakini hakuniita nikamsaidie jikoni, na mimi nilikaa kwenye mkeka nikisikia wenzangu wanacheka huko.

*

Yusufu alizaliwa Korogwe mvua za vuli zilipoanza, asubuhi, mchana wake akawa ameshachomwa chanjo pajani. Daktari alikuwa amefuatilia mapema ipatikane, maana siyo kila mahali unaikuta. Kuna sindano nyingine ya kinga aliyotaka apewe pia. Hiyo haikupatikana, hata Tanga. Daktari alisema tumeshafanya kubwa zaidi, dawa niliyomeza na chanjo ya siku ya kwanza. Nilimtazama mtoto amelala, mdomo wazi, nikasema moyoni, angalau huyu.

Tulirudi Mnyuzi nikae arobaini kwa mama mkwe. Na hapa nataka nimtendee haki. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akafua nguo za mtoto kwa mkono wake. Vidonge nilikuwa nameza kila baada ya chakula cha jioni, mbele yake, na yeye anatazama tu.

Tatizo lilianza kwa nia njema. Wifi yangu Mwanaisha, mdogo wake Bakari, alikuja kuniona. Mwanaisha amesoma hadi kidato cha nne, na nyumbani kwao karatasi yoyote ya Kiingereza anapewa yeye. Aliikuta ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Wifi, hapa wanasema dawa hii inaingia kwenye maziwa."

"Maziwa gani?"

"Yako. Ya kunyonyesha."

Akaenda nayo hadi duka la dawa, akarudi. Muuzaji alikuwa amemwambia vilevile: hiyo ni dawa kali, ya virusi, mama achague moja, ama ameze ama anyonyeshe.

Mama mkwe akasema, "Basi apewe maziwa ya ng'ombe. Wangapi wamelelewa hivyo?"

Tukajaribu. Tuliyachemsha, tukayachanganya na maji, tukampa kwa kijiko. Yusufu alitapika, akaharisha, akalia hadi sauti ikakauka. Matiti yangu yalijaa yakawa magumu kama mawe, nikalazimika kuyakamua chini ya mti wa mpapai, maziwa yanazama kwenye udongo na mtoto ndani analia njaa. Sijawahi kuona kitu kilichonikera nafsi kama kile. Siku chache tu, lakini mtoto alikonda hadi shingoni.

Nikachagua. Nilimweka Yusufu kwenye titi, na vidonge nikaviacha. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu mzima, nitavumilia, yeye hana cha kuvumilia nacho. Kila mtu nyumbani aliona nimefanya la maana. Hata Bakari, aliyekuwa amerudi kazini Handeni, nilipompigia simu alisema, "Kama mtoto ananyonya vizuri, sawa." Hakuna aliyefikiri kumpigia daktari. Namba yake hatukuwa nayo, lakini hospitali haikuwa mbali kiasi hicho. Tulikuwa tumechoka na hospitali, hiyo ndiyo kweli yenyewe.

*

Yusufu akanenepa. Kiangazi kikaingia tukiwa bado Mnyuzi, majani ya uani yakakauka, mimi nikaanza kudhoofika. Kwanza nilidhani ni kunyonyesha. Nikawa siwezi kuvumilia harufu ya dagaa wakikaangwa. Nikawa nalala mchana, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea. Maumivu yalikaa chini ya mbavu za kulia, siyo makali, kama mtu ameegemeza kiwiko pale na hataki kukiondoa.

Zainabu ndiye aliyeona. Nilikuwa namsuka, amegeuza uso kunitazama, akasema, "Mama, macho yako ni ya njano."

Nikamwambia ni jua. Mama mkwe alikuja, akanishika kidevu, akanivuta kwenye mwanga wa mlangoni. Alikuja kwenye mazishi ya Athumani, alimwona.

"Beba mtoto," akasema. "Tunaondoka."

Nililazwa Korogwe. Siku za mwanzo sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka dripu, nakumbuka kitanda kilichobonyea katikati, nakumbuka nilimwomba Bakari kama nikifa Zainabu akakae kwa dada yangu, na Bakari akaondoka kwenda kununua maji akakaa huko muda mrefu. Tumbo lilianza kujaa kidogo. Kila asubuhi nililipima kwa macho. Nilikuwa nasubiri liwe kama la Athumani.

Daktari wetu yule alikuja, akakaa pembeni ya kitanda.

"Vidonge uliacha lini?"

"Baada ya kujifungua. Nilikuwa nanyonyesha."

"Nani aliyekwambia uchague?"

"Karatasi ya dawa," nikasema. "Na duka la dawa. Na mimi mwenyewe."

Nilingojea anigombeze. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaiweka mapajani.

"Nilipaswa kukwambia siku ile ya kwanza. Sikukwambia, nisamehe. Sikiliza. Dawa inaingia kwenye maziwa, ndiyo, lakini ni kidogo mno, na hicho kidogo mtoto hakimdhuru. Virusi navyo, mtoto aliyechanjwa hatuogopi anyonye. Chuchu zikichanika zikatoka damu, njoo tuzitibu. Vinginevyo unameza na unanyonyesha. Vyote viwili. Ukiiacha dawa ghafla ndiyo haya, virusi vinarudi kwa hasira. Usiiache tena bila mimi kujua."

Mama mkwe alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, Yusufu mgongoni.

"Daktari, samahani," akasema. "Mimi ndiye niliyeleta maziwa ya ng'ombe. Sasa nikimpa huyu mtoto titi la mama yake hivi alivyo, na madawa haya yote mwilini, una hakika?"

"Nina hakika, bibi. Mpe."

Akamfungua mgongoni palepale.

Sikuwa na nguvu za kumshika. Mkono mmoja ulikuwa na sindano ya dripu, wa pili ulikuwa mzito kama siyo wangu. Kitanda cha jirani alilazwa mama mmoja wa Bungu, kule milimani, Msambaa, ana kidonda cha mguu kwa ajili ya sukari. Tulikuwa tunamwita Mama Eliza. Alijivuta ukingoni mwa kitanda chake, akamshika Yusufu kwa mikono miwili, akamweka kwenye titi langu, akamshikilia pale. Alifanya hivyo siku zote nilizokuwa hoi, mama mkwe akiwa amerudi Mnyuzi kupika. Mikono yake ilikuwa na ubaridi. Mtoto akishiba alimrudisha begani kwake, akampiga mgongo taratibu na kumwimbia kwa Kisambaa nyimbo za kanisani. Mimi Mwislamu, nimelala, nasikiliza, natamani asinyamaze. Alitoka kabla yangu, mguu wake wameukata kidole kimoja. Aliniachia sweta lake.

Maziwa yalipungua sana nikiwa mgonjwa. Kuna siku Yusufu alinyonya akaachia, akanitazama kama ananidai. Yalirudi polepole, kwa uji, kwa matembele, kwa maji mengi, na kwa kumweka mtoto mara kwa mara hata kama hakuna kinachotoka. Sikuambii yatarudi kwa kila mtu. Yangu yalirudi.

*

Nilitoka hospitali masika nyingine imeanza. Macho yalichukua muda kusafika. Nilikuwa najitazama kwenye kioo kidogo cha Bakari cha kunyolea kila nikiamka. Nywele zilikatika mbele. Nguo zangu zote nikazibana upya kwenye cherehani, fundi atashonewa na nani kama siyo yeye mwenyewe. Nikipanda ngazi za hospitali nilikuwa napumzika katikati, watu wananipita.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi Handeni. Kila jioni baada ya kula: "Umemeza?" Nikiwa nimemeza: "Umemeza kweli?" Kuna jioni nilimjibu vibaya, nikasema mimi siyo mtoto, akaenda kulala bila kuaga. Kesho yake jioni akauliza tena, kwa sauti ileile. Niliamua nimwache aulize. Ndiyo namna yake.

Bakari na mimi tulipitia kipindi kigumu. Ugonjwa unapokuwa umeisha makali ndipo watu wanaanza kuhesabu uchovu wao. Alikuwa ananuna kwa mambo madogo, chumvi, funguo. Siku moja alisema, "Uliniuliza kwa simu, nikasema sawa. Nilisema sawa, Rehema." Kumbe ndilo alilokuwa nalo muda wote ule. Nikamwambia hata mimi nilisema sawa. Hatukuliongea sana. Aliacha kununa.

Mwanaisha hajawahi kuizungumzia ile karatasi. Lakini alipopata mimba yake mwaka uleule, alinipigia simu akaniomba nimsindikize kliniki, wakampime na ini. Tulikaa wote benchi moja. Alikutwa hana. Alinishika mkono akalia, na mimi nikamwambia akalie nje, kuna wenzake humu ndani wanasubiri majibu.

Yusufu alipotimiza mwaka, daktari alisema sasa anaweza kupimwa. Kabla ya hapo majibu yangeweza kutudanganya. Tulikwenda Korogwe wote: mimi, Bakari, mama mkwe, Yusufu, na Zainabu ambaye naye siku yake ya kuangaliwa ilikuwa imefika. Walimchoma Yusufu kidole, akapiga kelele jengo zima. Tukaambiwa tukae kwenye benchi.

Sikuweza kukaa. Niliegemea ukuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mabaya kwa muda mrefu hadi nikawa sijui nifanye nini na mengine. Daktari alitoka mwenyewe mlangoni, hakumtuma mtu.

"Hana," akasema. "Mtoto hana. Chanjo imeshika."

Mama mkwe alipiga kigelegele katikati ya ukumbi ule wa wagonjwa, watu wote wakageuka, akaziba mdomo kwa kanga, akacheka na kulia. Bakari aliinama akashika magoti kama mtu aliyekimbia. Mimi niliteleza ukutani nikakaa sakafuni. Sikulia. Nilisikia usingizi, usingizi mzito kabisa, ningeweza kulala palepale.

Ndipo Zainabu akaja, akasimama mbele yangu.

"Na mimi je, mama? Mimi ninacho?"

Maneno ya baba yake siku ile ya sinia tulidhani hakuyaelewa, na hakuna aliyewahi kumwambia. Muda wote huo tulimwambia damu inatolewa kuangalia kama anakua vizuri. Bakari aliinua kichwa akanitazama. Mama mkwe aliacha kucheka.

Nilimvuta akakaa kando yangu sakafuni.

"Wewe unacho," nikamwambia. "Kama mimi. Huumwi, na Mungu akipenda hutaumwa, maana tunakijua na tunakiangalia. Ila itabidi tuwe tunakuja hapa."

"Wewe na mimi?"

"Wewe na mimi."

"Yusufu haji?"

"Yusufu atabaki na bibi."

Alifikiri, huku anavuta uzi uliochomoza kwenye pindo la gauni lake. Niliona anaumia, na niliona pia anatafuta mahali pa kuliweka hilo jambo.

"Tukiwa tunakuja," akasema, "tutakuwa tunakaa siti ya dirishani?"

Nikamwambia ndiyo. Ya dirishani atakaa yeye.

"Sawa," akasema, akaegemeza kichwa begani kwangu, tukasubiri jina lake liitwe.